Kasoro za Kuzaliwa na Kasoro za Ukubwani: Usukani wa Magari Madogo ya Zamani

Usukani wa gari dogo ni mwanzo wa mnyororo mrefu. Dereva anapouzungusha, mhimili wa chuma hushuka kutoka kwenye dashibodi hadi karibu na sakafu, hupinda kwenye kiungo kimoja au viwili, kisha huingia kwenye raki, yaani fimbo yenye meno inayosukumwa kushoto na kulia na gia ndogo. Kila ncha ya raki hushika fimbo nyingine, na mwisho wa fimbo hiyo, ambao mafundi huuita tairodi endi, ndio unaougeuza mkono wa gurudumu. Kiungo chochote kati ya kiganja cha dereva na tairi kikilegea, hata kwa milimita moja, ulegevu huo hufika mkononi. Ndiyo maana sababu za malalamiko ni nyingi na majina yake ni machache: stelingi nzito, stelingi ina plei, gari linavuta, gari linayumba, gari linatikisika, mbele kunagonga.

Sababu hizo zinagawanyika mafungu manne. Kuna kasoro ya muundo, iliyochorwa na mhandisi mwenyewe, kwa kujua au kwa kutojua, ambayo imo katika kila gari la aina hiyo, jipya na kuukuu. Kuna kasoro ya utengenezaji, pale ambapo mchoro ni sahihi lakini kipande kimetoka kiwandani kikiwa laini mno au kimefungwa vibaya. Kuna uchakavu. Kisha kuna kasoro ya gereji, inayoletwa na mkono uliokusudia kutengeneza. Kuzitenganisha ni jambo la fedha na la uhai, kwa sababu dawa zake hazifanani. Uchakavu huponywa na spea. Kasoro ya utengenezaji hupaswa kuondolewa na kampuni kwa gharama yake. Kasoro ya gereji huisha gari likirudishwa lilivyokuwa. Kasoro ya muundo haiponi gereji: dereva huizoea, au humwachia mwingine gari.

Barabara ya Matogoro na gari la Japani

Kata ya Matogoro, katika Manispaa ya Songea, imekaa kwenye miguu ya milima yenye jina hilohilo, ambako Mto Ruvuma unaanzia. Kwa mwenye gari dogo, eneo hili ni kipimo kikali, kwa kuwa safari fupi tu humpitisha kwenye kila aina ya barabara: lami, changarawe iliyojikunja kama bati, na njia za udongo mwekundu zinazopanda vilimani. Kiangazi njia hizo hutoa vumbi jembamba linaloingia kila penye mwanya. Msimu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, huzigeuza kuwa utelezi. Anayetoka kwenda Makambako ana karibu kilomita 300 za lami mbele yake, zikiwemo kona na miteremko ya Lukumburu.

Magari madogo ya eneo kama hili ni yaleyale yaliyojaa Tanzania nzima: Toyota Vitz, IST, Passo, Starlet na Corolla. Karibu yote yalianza maisha Japani. Nchi zote mbili huendesha upande wa kushoto wa barabara, hivyo gari la Tokyo huingia Songea bila kuhamishiwa usukani. Japani hulikagua gari jipya baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huo, unaoitwa shaken, huwafanya wengi waliuze gari kuukuu badala ya kulitengeneza. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 yalikuja Afrika. Kenya huzuia gari lenye zaidi ya miaka minane. Tanzania ilichagua njia ya kodi, yaani ushuru wa uchakavu unaopanda gari linapovuka miaka minane na tena linapovuka kumi. Kwa hiyo Vitz hufika bandari ya Dar es Salaam likiwa tayari mtu mzima, kisha huendeshwa zaidi ya kilomita 900 kabla halijaiona Songea.

Gari hilo limebeba mazoea ya kwao. Redio yake hushika masafa ya Japani, yanayoanzia megahezi 76 na, kwa redio nyingi za zamani, kukomea 90, kwa hiyo stesheni nyingi za Tanzania hazisikiki mpaka kifungwe kifaa cha kuongeza masafa. Spika yake humkumbusha dereva kwa Kijapani kwamba hajaweka kadi ya kulipia barabara. Mambo hayo hayamdhuru mtu. Usukani na miguu ya gari navyo vilichorwa kwa ajili ya barabara za huko, na hapo ndipo mazoea ya ugenini yanapogeuka kasoro.

Kizazi cha injini nyuma

Kabla ya Wajapani kutawala, barabara za Afrika Mashariki zilikuwa na magari madogo ya Ulaya, na lililojulikana kuliko yote lilikuwa Volkswagen Beetle. Injini yake ilikaa nyuma ya eksili ya nyuma, na uzito mwingi wa gari ukawa huko. Mbele palikuwa pepesi, hivyo usukani ulizungushwa kwa urahisi bila msaada wowote, lakini upepo wa ubavuni ulilisukuma gari kama karatasi.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa kwenye eksili yenyewe. Kwenye Beetle za awali kila nusu ya eksili ilikuwa na kiungo upande wa ndani tu, karibu na giaboksi, kwa hiyo gurudumu lilipanda na kushuka kama bawa la ndege. Kwenye kona kali nyuma ya gari hunyanyuka na gurudumu la nje hukunjika kuingia chini ya bodi, likabaki limesimama kwa ukingo wa tairi. Mshiko hukatika ghafla, na nyuma iliyobeba injini hutaka kuipita mbele. Dereva aliyeingia konani kwa kasi kisha akaachia mafuta kwa hofu ndiye aliyeponzwa, maana kuachia mafuta ndiko kulikoinyanyua nyuma. Volkswagen iliirekebisha eksili hiyo taratibu, na modeli ya 1302 ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilitoka na mpangilio mwingine wa nyuma.

Mgogoro mkubwa zaidi kuhusu muundo wa namna hii ulitokea Marekani. Chevrolet Corvair, lililoanza kuuzwa kama gari la mwaka 1960, lilikuwa na injini nyuma na eksili za bawa. Mhandisi alitegemea upepo wa tairi upunguze hatari: mbele paundi 15, nyuma 26. Wenye magari wengi hawakulijua sharti hilo, na wajazaji wa upepo walijaza sawasawa pande zote, kama walivyozoea. Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alilifanya Corvair kuwa sura ya kwanza ya kitabu chake Unsafe at Any Speed, na mwaka uliofuata Marekani ikapata sheria ya taifa ya usalama wa magari. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 1972 ulisema kwamba Corvair halikuwa baya kuliko magari mengine ya wakati wake. Hata hivyo somo lilibaki: muundo unaotegemea mtumiaji atimize sharti gumu kila siku ni muundo wenye kasoro, hata kama sharti hilo limeandikwa kitabuni.

Pamoja na hayo, Beetle lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Sababu ni ileile iliyolifanya liwe hatari kwenye lami. Uzito wa injini ulikandamiza magurudumu yanayosukuma, na kwenye matope gari liliweza kupanda. Kilichokuwa kasoro kwenye kona ya lami kilikuwa fadhila kwenye mlima wa udongo, na ulinganisho huu unahitajika katika kuyaelewa magari yaliyokuja baadaye.

Kizazi cha injini mbele

Mwaka 1959 Mini, gari lililobuniwa na Alec Issigonis, lilitoka na injini iliyolazwa kwa upana mbele, ikiyavuta magurudumu yaleyale yanayogeuzwa na usukani. Nafasi ya abiria iliongezeka ndani ya gari la urefu wa mita tatu tu, na karibu kila gari dogo la leo limefuata mpangilio huo. Mini lenyewe lilizaliwa na kasoro ya wazi: distributa yake ilikaa nyuma ya grili, na mvua kubwa ilipopiga kwa mbele injini ilizima. Magari ya kwanza yaliingiza maji sakafuni pia.

Toyota ilifuata njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Corolla na Starlet, ambazo awali zilisukumwa na magurudumu ya nyuma, zilihamia kuvutwa na ya mbele. Kuanzia hapo tairi mbili za mbele zilibeba kazi tatu kwa pamoja: kuvuta, kugeuza na kufanya sehemu kubwa ya breki. Tairi ina mshiko wa kiasi fulani tu. Ikiutumia wote kuvuta, haina tena wa kugeuzia. Kwenye kona yenye changarawe gari la aina hii huendelea mbele ilhali magurudumu yamekwisha kugeuzwa, na usukani huwa mwepesi ghafla mkononi. Dawa ni kupunguza mafuta taratibu na kupunguza kiasi cha kugeuza mpaka tairi zishike tena. Kuzidi kuuzungusha usukani huongeza kuteleza. Kwa usalama wa dereva wa kawaida, tabia hii ni afadhali kuliko ile ya Beetle, maana kuachia mafuta, ambako ndiko silika ya mtu aliyeshtuka, husaidia.

Mlimani hali hugeuka. Gari linapopanda, uzito huhamia nyuma, na magurudumu ya mbele hupungukiwa mzigo wakati yanapouhitaji zaidi. Kwenye njia ya udongo iliyoloa, Vitz lenye abiria watatu nyuma na gunia la mahindi kwenye buti litazungusha tairi za mbele bila kusogea, na usukani hautaligeuza vizuri. Likipanda kinyumenyume, uzito hurudi kwenye magurudumu yanayovuta na hupata mshiko zaidi. Hakuna spea ya kuliondoa tatizo hili, kwa sababu hakuna kilichoharibika.

Mpangilio huu umeleta pia viungo vinavyovuta na kupinda kwa wakati mmoja, vinavyoitwa sivii joint. Hulindwa na mfuko wa raba uliojaa grisi. Mfuko ukipasuka, vumbi na matope huingia, na baada ya muda kiungo hulia ka-ka-ka kila usukani unapokatwa hadi mwisho. Mfuko ni wa bei ndogo na kiungo ni ghali, hivyo kuinama na kuchungulia ndani ya gurudumu kila mwezi huokoa fedha nyingi.

Vituko vya wabunifu

Baadhi ya kasoro zilitokana na kutafuta upya kwa ajili ya upya. Austin Allegro, lililotolewa Uingereza mwaka 1973, lilikuwa na usukani wenye umbo la kati ya duara na mraba. Kampuni ilidai kwamba ulimpa dereva nafasi zaidi ya miguu na mwono mzuri wa mita. Wanunuzi waliuchukia, na duara likarudishwa ndani ya miaka miwili hivi. BMW Isetta la miaka ya 1950 lilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulikuwa mbele. Mlango ulipofunguliwa, usukani na dashibodi vilifuatana nao. Renault 4, lililojulikana Kenya kwa jina la Roho, lilikuwa na umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma usiolingana: upande mmoja ulizidi mwingine kwa karibu sentimita tano, kwa kuwa fimbo za springi za nyuma zililazwa moja mbele ya nyingine. Kwa fundi mgeni hilo lilionekana kama gari lililopinda kwenye ajali, kumbe ndivyo lilivyochorwa, na liliendeshwa vizuri.

Vitz la kwanza, lililotoka mwaka 1999 na kuuzwa Ulaya kwa jina la Yaris, lilikuwa na mita katikati ya dashibodi badala ya nyuma ya usukani. Kiwanda kilipata faida, kwani dashibodi ya usukani wa kulia na ya usukani wa kushoto zingeweza kufanana kwa sehemu kubwa. Dereva hulazimika kugeuza jicho pembeni ili ajue mwendo wake. Yaris lilitawazwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 2000, kwa hiyo haifai kusema lilibuniwa ovyo. Wabunifu walipima faida na hasara za soko walilolijua.

Umeme ndani ya usukani

Magari madogo ya zamani hayakuwa na msaada wa usukani. Starlet na Corolla za miaka ya 1990 zilipata pawa stelingi ya mafuta: pampu inayozungushwa na mkanda wa injini husukuma mafuta kwenye raki. Maradhi yake yanajulikana na huonekana. Mkanda ukilegea hupiga kelele usukani unapokatwa hadi mwisho. Mfuko wa raba wa raki ukipasuka, vumbi hula sili, mafuta huvuja na stelingi huwa nzito.

Vitz, IST na Passo zililetwa na msaada wa umeme. Hakuna mafuta wala mkanda. Kuna mota ndogo iliyofungwa kwenye mhimili wa usukani, chini ya dashibodi, pamoja na kihisi kinachopima nguvu ya mkono wa dereva. Mpangilio huu hupunguza matumizi ya mafuta ya injini na huikinga mota dhidi ya matope. Una gharama zake mbili.

Kwanza, msaada wote hutegemea umeme. Betri iliyochoka, alternata dhaifu au waya wa ardhi uliooza huweza kuifanya kompyuta ikate msaada ili kulinda mfumo, na taa ya onyo ikawaka. Gari bado hugeuka, kwa kuwa chuma kimeungana na chuma, ila kwa nguvu ambayo dereva hakuitarajia. Mafundi wengi hukimbilia kubadilisha raki nzima, wakati tatizo lingeweza kupatikana kwa kupima volti za betri.

Pili, nguvu ya mota hupita kwenye mhimili na viungo vyake vidogo kabla ya kufika kwenye raki, hivyo viungo hivyo hubeba mzigo mkubwa kuliko mkono mtupu ungeweza kuviletea. Mlio mdogo wa kugonga unaosikika miguuni mwa dereva gari linapopita kwenye mashimo mara nyingi hutoka hapo, si kwenye shokapu zinazolaumiwa kila siku.

Wapo madereva wanaozima injini kwenye mteremko mrefu ili kuokoa mafuta. Katika gari la aina hii hilo ni kosa kubwa. Injini ikizimwa, msaada wa usukani hupotea, breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache, na ufunguo ukichomolewa, kufuli ya usukani inaweza kuingia na kuunasa. Kufuli hiyo ilibuniwa kuzuia wezi gari likiwa limeegeshwa.

Barua isiyofika

Novemba 2012 Toyota ilitangaza kuyaita magari takriban milioni 2.77 duniani, ya aina kadhaa zikiwemo Corolla na Prius. Tatizo kubwa lilikuwa kipande cha mhimili wa usukani ambacho hakikuwa kigumu vya kutosha. Usukani ulipokatwa kwa nguvu hadi mwisho mara kwa mara, gari likiwa kwenye mwendo mdogo, kipande hicho kingeweza kulika na kulegea. Aprili 2014 kampuni hiyohiyo iliita magari zaidi ya milioni 6 kwa kasoro mbalimbali, na Vitz lilikuwamo. Miongoni mwa kasoro hizo ilikuwamo ya kishikizi kinachobeba mhimili wa usukani.

Hizi ni kasoro za utengenezaji, na dawa yake ni bure kwa mwenye gari. Taarifa hata hivyo hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa katika nchi gari lilikouzwa. Gari likishapanda meli, anwani hukatika. Kisa kizito kuliko vyote ni cha mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata, ambayo mmoja wake hukaa katikati ya usukani. Kemikali yake, ammonium nitrate, hudhoofika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifyatuka unaweza kurusha vipande vya chuma. Takata iliomba kufilisika Juni 2017. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ambayo magari haya yamehamia. Namba ya chesisi huweza kukaguliwa kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari au kwa wakala wake, na kazi hiyo huchukua dakika chache. Ingefaa ifanyike kabla ya kununua, kama watu wanavyokagua kadi ya gari.

Kunyanyua gari

Vitz la kwanza lina mita 2.37 kati ya eksili mbili, na IST la kwanza lina kipimo hichohicho. Tairi zake ni ndogo. Vitz nyingi zilitoka na rimu ya inchi 13 au 14. Gari fupi lenye tairi ndogo hutumbukia kwenye kila shimo na hupigapiga kichwa kwenye barabara ya mikunjo. Sampo, yaani karai la oili chini ya injini, hugonga mawe. Kwa hiyo wenye magari huomba gari linyanyuliwe, na fundi huweka spesa juu ya springi au hufunga tairi kubwa zaidi.

Sampo hupona na usukani huumia. Gari lilipochorwa, fimbo za tairodi zililala karibu sambamba na mikono ya chini ya gurudumu, ili gurudumu lipande na kushuka bila kugeuka. Bodi ikinyanyuliwa, raki hupanda nayo na fimbo huinama. Sasa kila tuta huigeuza tairi kidogo bila dereva kuagiza, na gari hutangatanga kwenye barabara mbovu. Sivii joint hufanya kazi kwa pembe kali na hufa mapema. Tairi kubwa hugusa matao usukani ukikatwa, na hufanya mita ya mwendo isome chini ya mwendo halisi. Zaidi ya hayo, kitovu cha uzito hupanda. Oktoba 1997 gari jipya la Mercedes, A-Class, lilipinduka Sweden katika jaribio la kukwepa kikwazo cha ghafla. Kampuni ilisimamisha usambazaji na kuliongezea mfumo wa kompyuta wa kuzuia kuyumba. Hilo lilikuwa gari la kiwandani lenye wahandisi wake. Gari lililonyanyuliwa chini ya mwembe halina wa kulipima.

Kusoma dalili

Uchakavu una lugha yake, na majaribio machache huweza kuifasiri. Gari likiwa limenyanyuliwa kwa jeki na kuwekewa kigingi, gurudumu la mbele hushikwa kwa mikono miwili. Likicheza linapotikiswa kushoto na kulia, tairodi endi au kiungo cha ndani cha raki kimelegea. Likicheza linapotikiswa juu na chini, tatizo ni boli jointi au beringi ya habu. Boli jointi ndiyo ya kuogopwa zaidi: ikichomoka, gurudumu hulala na gari huketi chini.

Gari linalovuta upande mmoja lipimwe kwanza upepo wa tairi, kisha breki inayong'ang'ania, ndipo alaimenti. Kuvuta kidogo kushoto kwenye lami si ugonjwa, kwa kuwa barabara huinamishwa kando ili maji yatiririke. Kutikisika kunakoanza karibu kilomita 80 kwa saa na kupungua baadaye kwa kawaida ni balansi ya tairi. Kutikisika wakati wa kufunga breki ni diski iliyopinda. Usukani usiorudi wenyewe baada ya kona huashiria kiungo kilichokauka au pembe za magurudumu zilizovurugika.

Hapa ndipo kasoro ya gereji inapozaliwa. Boli jointi iliyolegea hugongwa nyundo ili ikaze, na hukaza kwa wiki mbili. Bushi hutengenezwa kwa raba ya tairi kuukuu. Tairodi endi hubadilishwa bila alaimenti kufanywa, na tairi mpya huliwa upande mmoja kabla ya mwezi kuisha. Usukani uliokaa mshazari hung'olewa na kurudishwa ukiwa umenyooka, huku tatizo likiachwa chini. Kila hatua hupunguza gharama ya siku hiyo na kuongeza ya mwaka.

Gurudumu moja mbele

Bajaji inayopanda vilima vya Songea ni jamaa wa karibu wa magari haya. Haina usukani wa duara. Ina mpini kama wa pikipiki na gurudumu moja mbele. Haihitaji raki wala tairodi, hivyo ni rahisi kutengenezwa na hukata kona mahali pembamba. Lakini nguvu ya kona huielekeza bajaji kwenye mstari kati ya gurudumu la mbele na la nyuma la upande wa nje, ambako hakuna gurudumu la kuizuia isipinduke. Ikifunga breki ndani ya kona huku ikiteremka, mzigo mwingi hukimbilia kwenye gurudumu lile moja. Hii ni kasoro ya muundo kwa maana kamili: hakuna fundi wa kuiondoa, na mwendo wa polepole ndio unaoipunguza.

Hukumu

Kati ya mafungu manne, mawili ya mwisho, uchakavu na kasoro ya gereji, yamo mikononi mwa mwenye gari. La pili limo mikononi mwa kampuni, mradi namba ya chesisi ipelekwe kukaguliwa. La kwanza hubaki na gari hadi linapouzwa chuma chakavu, na linachodai ni dereva anayelijua. Vitz la mwaka 2000 lenye tairodi endi nzima, alaimenti iliyopimwa, betri nzuri na kimo chake cha kiwandani bado ni gari la kutegemewa Matogoro. Njia ikiloa, na utelezi ukizidi, litapanda kinyumenyume.